Mchungaji Benjamin Keach: Aliyefundisha Kanisa Lake Kuimba



Katika kijitabu hiki cha Yubilii mtasoma mengi juu ya kwaya yetu. Kurasa hizi chache tumezitenga kwa mtumishi wa Mungu aliyeishi Uingereza zaidi ya miaka 300 iliyopita. Hakuwa na kwaya wala kinanda, na tenzi alizozitunga haziimbwi tena. Hata hivyo, kila Jumapili tunapofungua Tenzi za Rohoni, tunafanya jambo ambalo siku zake lilikuwa geni katika makanisa mengi ya Kibaptisti nchini kwake. Jambo hilo liligharimu kanisa lake machozi, na likawatenganisha ndugu waliokuwa wameteswa pamoja. Jina lake ni Benjamin Keach.

Mshona nguo anayehubiri

Benjamin Keach alizaliwa tarehe 29 Februari 1640 katika kijiji cha Stoke Hammond, kaunti ya Buckinghamshire. Jamaa yake haikuwa na uwezo wa kumsomesha hadi chuo kikuu, kwa hiyo alifundishwa kazi ya mikono, ushonaji wa nguo. Elimu yake kubwa aliipata katika Biblia aliyoisoma mwenyewe.

Kusoma huko ndiko kulikoanza kumbadilisha. Alikuwa amebatizwa akiwa mtoto mchanga, kama ilivyokuwa desturi ya kanisa la taifa. Alipopekua Agano Jipya hakuona mtoto mchanga akibatizwa. Aliona watu wakiamini kwanza, kisha wakiingia majini. Basi akiwa na umri wa miaka 15 alibatizwa kwa kuzamishwa na kujiunga na kundi dogo la Wabaptisti. Alipofika miaka 18 alikuwa tayari anahubiri.

Wabaptisti wa wakati ule walikuwa wa namna mbili. Wa kwanza waliitwa Wabaptisti wa Jumla, kwa kuwa walifundisha kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote, na kwamba mtu anaweza kuikubali neema, kuikataa, au hata kuipoteza baada ya kuipokea. Wa pili walifundisha kwamba Mungu amewachagua watu wake tangu mwanzo, kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya hao, na kwamba aliyeokolewa atalindwa hadi mwisho. Keach alianza safari yake na wale wa kwanza.

Mbele ya jaji

Mwaka wa 1660 Mfalme Charles wa Pili alirudishwa katika kiti cha enzi, na taabu ikawaangukia wote walioabudu nje ya kanisa la taifa. Kwa sheria ya mwaka wa 1664, watu watano au zaidi wasio wa nyumba moja hawakuruhusiwa kukusanyika kuabudu kwa namna isiyokubaliwa na serikali. Siku moja askari wa farasi walivamia ibada aliyokuwa akihubiri Keach. Wanne kati yao walimfunga, wakamlaza chini, wakawa tayari kumkanyaga kwa farasi zao. Afisa wao aliwazuia, ndipo akapona.

Mwaka huohuo wa 1664 aliandika kitabu kidogo cha kuwafundisha watoto kusoma na kumjua Mungu. Ndani yake alifundisha kwamba watoto wachanga hawapaswi kubatizwa, kwamba mtu asiye na shahada ya chuo anaweza kuhubiri akijaliwa na Mungu, na kwamba Kristo atarudi kutawala duniani. Kwa ajili ya hayo alikamatwa, na mwezi wa Oktoba akasimamishwa mbele ya Jaji Mkuu Hyde katika mji wa Aylesbury. Jaji hakuficha hasira yake. Hukumu ilikuwa kifungo cha wiki mbili, faini ya pauni 20, na kusimamishwa hadharani mara mbili katika ubao wenye matundu ya shingo na mikono, mfano wa mkatale: mara moja Aylesbury na mara nyingine Winslow, mji aliokuwa akiishi. Kitabu chake kiteketezwe mbele ya macho yake.

Siku ya kwanza ya adhabu hiyo ilikuwa Jumamosi, siku ya soko, ili watu wengi wamcheke. Lakini mambo hayakwenda kama yalivyopangwa. Shingo ikiwa ndani ya ubao, Keach aliwahubiri waliokuja kumtazama. Walipomwamuru anyamaze alinyamaza kidogo, kisha akaanza tena. Mke wake Jane, waliyeoana mwaka wa 1660, alisimama karibu naye muda wote akiwaeleza watu kwamba mumewe hakuwa mwizi wala mwuaji, bali anateswa kwa ajili ya imani. Kitabu kilichomwa. Baadaye Keach alikiandika upya kwa kukumbuka yaliyokuwamo.

Kundi dogo la Southwark

Mwaka wa 1668 aliamua kuhamia London pamoja na Jane na watoto wao. Njiani wanyang'anyi walilisimamisha gari la farasi walimokuwamo, wakawapora abiria kila walichokuwa nacho. Familia ya mhubiri iliingia mji mkubwa mikono mitupu, ikapokelewa na ndugu wa imani.

Mwaka huohuo aliwekewa mikono kuwa mchungaji wa kundi dogo la Wabaptisti wa Jumla katika mtaa wa Southwark, ng'ambo ya kusini ya mto Thames. Hawakuwa na jengo. Walikutana katika nyumba za watu, leo hapa, kesho pale, wakiogopa majirani wachongezi na askari. Ndugu zangu wanakwaya, fikirini ibada ya namna hiyo. Mlango umefungwa, sauti zimeshushwa, na mtu anasikiliza hatua za nje. Mwimbaji angewafichua wote.

Huko London yalimpata mambo mawili yaliyogeuza maisha yake. La kwanza ni msiba: Jane alifariki mwaka wa 1670, mwanamke aliyesimama naye siku ya aibu. La pili ni badiliko la imani. Alikaa na wachungaji wakongwe, hasa Hanserd Knollys na William Kiffin, waliokuwa wa ile namna ya pili ya Wabaptisti. Katika kusoma na kujadiliana nao, Keach alifika mahali pa kukiri kwamba wokovu ni kazi ya neema tangu mwanzo hadi mwisho. Badiliko hilo lilikuwa kubwa kwa mchungaji aliyewekwa na kundi lililofundisha vingine. Hakulificha. Mwaka wa 1672 alioa mara ya pili, akamchukua Susannah Partridge, mjane, na aliyewafungisha ndoa ni Mzee Knollys.

Mwaka wa 1672 mfalme alilegeza sheria za mateso kwa muda. Kundi lililokuwa na Keach likapata nafasi ya kujenga nyumba ya ibada mahali panapoitwa Horsleydown, karibu na lilipo leo daraja la Tower Bridge. Watu waliongezeka na jengo likapanuliwa mara kadhaa. Inasemekana mwishoni liliweza kuchukua karibu watu 1,000.

Wimbo baada ya Meza ya Bwana

Sasa tunafika kwenye habari iliyotufanya tumchague Keach kwa siku ya leo.

Kanisa la taifa liliimba Zaburi zilizotungwa kwa vina. Wabaptisti wengi hawakuimba kabisa, na sababu zao hazikuwa za kipuuzi. Walisema hivi: sala iliyoandikwa tumeikataa kwa kuwa sala ni kazi ya Roho, je, wimbo ulioandikwa na mwanadamu si sala iliyoandikwa? Tena, kanisani wamo waliookoka na wasiookoka. Je, wote waimbe pamoja maneno ambayo wengine hawayaamini? Tena, mtume Paulo aliwaagiza wanawake wanyamaze katika makusanyiko. Je, wakiimba hawajavunja agizo? Kwao, kuimba kwa kweli kulikuwa furaha ya moyoni, au karama ya pekee kama zile za siku za mitume.

Keach alisoma Maandiko yaleyale akaona jambo jingine. Mathayo na Marko wanasimulia kwamba usiku ule wa mwisho Bwana Yesu na wanafunzi wake waliimba baada ya kula, kabla ya kwenda Mlima wa Mizeituni. Kama Bwana aliimba mezani, Keach aliona kanisa halina ruhusa ya kuiga mkate na kikombe na kuuacha wimbo. Aliona pia maagizo ya Paulo kwa Waefeso na Wakolosai, maagizo yaleyale yaliyokipa jina kitabu chetu cha Tenzi za Rohoni. Na juu ya wanawake alijibu kwamba kuimba pamoja na kanisa si kushika mamlaka ya kufundisha. Mwanamke aliyekombolewa anayo haki ya kumsifu Mkombozi wake kwa sauti.

Lakini hakuwalazimisha. Hapa ndipo tunapoona moyo wa mchungaji. Mnamo mwaka wa 1673 alianza na wimbo mmoja tu, mwisho wa Meza ya Bwana, pale ambapo mfano wa Bwana ulikuwa wazi na kanisa likakubali. Kwa miaka kama sita hakuongeza kitu. Kisha wakaanza kuimba pia katika siku za shukrani. Wakakaa hivyo miaka mingi zaidi. Ilipofika mwaka wa 1691, miaka kama 18 baada ya wimbo wa kwanza, ndipo kanisa lilipoamua kuimba kila Siku ya Bwana.

Hata wakati huo waliwekewa ngazi wale ambao dhamiri zao hazikuruhusu. Wimbo uliwekwa mwisho kabisa, baada ya mahubiri na sala ya kufunga, ili asiyetaka kuimba atoke bila kukosa sehemu nyingine ya ibada. Kanisa liliazimia kwamba anayetoka asihesabiwe kuwa mkosaji.

Kanisa lapasuka

Hata hivyo amani haikudumu. Isaac Marlow, mshirika wa kanisa jingine la Kibaptisti hapo London na mtu mwenye mali, alikuwa ameandika kitabu mwaka wa 1690 kupinga kuimba. Keach akajibu mwaka wa 1691 kwa kitabu kirefu cha kutetea kuimba, na mwaka huohuo akatoa mkusanyo wa tenzi zake karibu 300. Vitabu vikajibizana. Maneno yakawa makali. Watu waliokaa gerezani kwa imani moja wakaanza kuitana majina yasiyofaa, kila upande ukidai unautetea usafi wa ibada.

Katika kanisa la Keach mwenyewe, washirika wapatao 20 walijitenga. Wakaanzisha kanisa lao karibu na hapo, mahali panapoitwa Maze Pond, ambako hapakuimbwa. Imani yao ilikuwa moja na ya wale waliowaacha: ubatizo mmoja, neema moja, Biblia moja. Kilichowatenga ni wimbo wa mwisho wa ibada.

Mwaka wa 1692 jambo lilifikishwa mbele ya mkutano wa makanisa ya Kibaptisti, nao ukaliweka mikononi mwa ndugu saba. Hawa saba hawakutoa uamuzi kama kuimba ni halali au si halali. Waligusa mahali pengine. Walisema waandishi wa pande zote mbili wamekosa kwa namna walivyoandikiana, wakawaita watubu na kuacha kueneza vitabu vile vya matusi. Keach, ambaye tunaamini alikuwa na haki katika hoja yake, alihesabiwa pamoja na wapinzani wake katika kosa la ulimi. Jambo hili tusilipite haraka. Mtu anaweza kutetea sifa za Mungu na papo hapo akamvunja moyo ndugu yake. Hata baada ya onyo hilo mabishano hayakwisha mara moja, kwa maana Marlow alirudi kuandika mwaka wa 1696.

Ungamo la imani

Tusifikiri kwamba Keach alikuwa mtu wa wimbo tu. Mwaka wa 1689, sheria ilipowaruhusu hatimaye Wabaptisti kuabudu bila kuteswa, wajumbe wa makanisa mengi walikutana London na kulipitisha ungamo la imani ambalo linashikwa hata leo na makanisa mengi duniani. Jina la Keach limo miongoni mwa waliolitia sahihi. Mwaka wa 1697 aliandika ungamo fupi kwa ajili ya kanisa lake la Horsleydown, akaweka ndani yake kuimba zaburi na tenzi, pamoja na kuwawekea mikono waliobatizwa. Kuwekea mikono alikuwa amekushika tangu ujana wake miongoni mwa Wabaptisti wa Jumla. Basi katika kubadilika kwake hakutupa kila kitu cha zamani. Alichoona kina msingi katika Maandiko alikibeba.

Mwanawe Elias alikwenda Marekani akiwa kijana. Alivaa mavazi ya kichungaji bila kuitwa wala kuokoka, akapanda mimbarani Pennsylvania, na katikati ya mahubiri akashikwa na hofu, akaungama mbele ya watu kwamba ni mdanganyifu. Alitubu, akabatizwa, na mwaka wa 1688 akawa mchungaji wa kwanza wa kanisa la Pennepek karibu na Philadelphia. Mafundisho ya baba yake juu ya kuimba yaliendelea huko: mwaka wa 1742 makanisa ya Kibaptisti ya eneo la Philadelphia yalilipitisha ungamo la London yakiongeza sura juu ya kuimba na juu ya kuwekea mikono. Wamishenari wa Kibaptisti kutoka Marekani walipoanza kazi Kenya mwaka wa 1956, walikuja wakiimba, na hakuna aliyewauliza kwa nini.

Miaka kumi na mitano ya nyongeza

Mkwe wake, Thomas Crosby, aliyeandika historia ya Wabaptisti wa Uingereza, anasimulia kwamba mwaka wa 1689 Keach aliugua hata madaktari wakakata tamaa. Mzee Knollys alipiga magoti kando ya kitanda, akamwomba Mungu amwongezee mtumishi wake miaka ileile aliyomwongezea Mfalme Hezekia, yaani 15. Kisha akainuka akamwambia mgonjwa kwamba yeye Knollys ndiye atakayetangulia mbinguni. Knollys alifariki mwaka wa 1691. Keach aliishi hadi tarehe 18 Julai 1704, akiwa na miaka 64. Ni katika miaka hiyo ya nyongeza kanisa lake lilipoanza kuimba kila Jumapili.

Alipokuwa karibu kufa alimwita Joseph Stennett, akamwomba ahubiri juu ya neno la Paulo kwa Timotheo linalohusu kumjua yule tuliyemwamini. Stennett alikuwa mtunzi wa tenzi za Meza ya Bwana, lakini pia alikuwa mchungaji wa Wabaptisti wanaoishika Jumamosi, na miaka michache tu kabla Keach alikuwa ameandika kitabu kupinga mafundisho hayo. Mtu aliyepigana sana kwa kalamu alichagua kuagwa na ndugu ambaye hawakukubaliana.

Baada yake

Kanisa la Horsleydown halikufa na mchungaji wake. Baada ya mkwewe Benjamin Stinton alikuja John Gill, aliyelihudumia zaidi ya miaka 50. Baada ya Gill alikuja John Rippon, aliyelitumikia zaidi ya miaka 60 na ambaye mwaka wa 1787 alitoa kitabu cha tenzi kilichotumiwa na Wabaptisti wa Uingereza na Marekani. Mwaka wa 1854 kanisa hilohilo lilimwita kijana wa miaka 19, Charles Spurgeon, na mwaka wa 1861 likahamia jengo kubwa la Metropolitan Tabernacle, ambako maelfu waliimba kwa sauti zao tu, bila kinanda. Kundi lile lililojificha katika nyumba za Southwark ndilo shina lake.

Na wale wa Maze Pond? Walikaa bila kuimba kwa zaidi ya miaka 40. Katika miaka ya 1730 walimwita mchungaji mpya, naye akaweka sharti kwamba hatakuja wasipokubali kuimba. Wakakubali. Wengi wa walioondoka mwaka wa 1691 walikuwa wamekwisha kulala. Watoto na wajukuu wao ndio walioimba.

Wapendwa, tunaposherehekea Yubilii ya kwaya yetu, tuichukue habari hii kama shukrani na kama onyo. Shukrani, kwa sababu wimbo tulio nao ulipokelewa kwa mateso, kwa kupekua Maandiko, na kwa mchungaji aliyekubali kungoja miaka kama 18 kanisa lake lifike pamoja. Onyo, kwa sababu kwaya nazo hugombana: juu ya nyimbo za zamani na za sasa, juu ya vyombo, juu ya nani asimame mbele. Mara nyingi upande mmoja una haki katika hoja. Ndugu wale saba wa mwaka wa 1692 wangetuuliza kwanza tumesemezana vipi.

Bwana aibariki kwaya yetu, awabariki walioianzisha na wanaoiendeleza, na awajalie washirika wote kuimba kwa roho na kwa akili, mpaka tutakapoimba pamoja na watakatifu wote mbele ya kiti chake cha enzi. Amina.